Kari ya kijani ya Kithai: tui halitoi mafuta na ladha imelala, nifanyeje?

Mwanameza

Habari zenu wapenzi wa jiko.

Chakula cha Kithai ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na siku hizi nakipika nyumbani mara kwa mara. Supu ya tom yam nimeiweza, nyama ya krapao, ile ya kukaangwa na pilipili na rehani, nimeiweza, hata saladi ya papai bichi nikiiweka mezani inaisha kabla ya wali. Kinachonigomea ni kari ya kijani, kaeng khiao wan.

Ile niliyoila Bangkok, kwenye kibanda jirani na soko la Khlong Toei, ilikuwa na vidoa vya mafuta ya kijani vikielea juu ya mchuzi, na harufu yake ilinifikia kabla bakuli halijatua mezani. Mchuzi wenyewe ulikuwa mwepesi, lakini umekolea hadi tone la mwisho. Yangu inatoka nyeupe yenye ukijani wa mbali, nzito, laini, bila kidoa hata kimoja. Watu wanakula na wanashukuru, ila mimi najua siyo ile.

Ninavyofanya ni hivi: nafungua kopo la tui la mililita 400 na kulimimina lote sufuriani. Likianza kuchemka natia vijiko viwili vya masala ya kijani ya kununua, nakoroga mpaka yayeyuke, kisha mapaja ya kuku yaliyokatwa vipande, bilinganya, sosi ya samaki, sukari na ndimu kidogo. Mwisho naweka rehani.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, yale mafuta yanatoka wapi, maana nimechemsha tui hadi likakauka nusu na bado hayaji? Pili, ni lazima nitwange masala mwenyewe, au ya kununua yanaweza kunifikisha? Nina kinu kizuri cha jiwe na sina uvivu, mradi nijue kazi hiyo ina faida.

Pilipili Kichaa

Mkuu, vijiko viwili kwa kopo zima ni vichache. Nenda hadi vitatu au vinne vya kulia, kama gramu 50 hadi 60. Na hiyo ndimu itoe kabisa, kari ya kijani haikamuliwi ndimu. Ile harufu ya ndimu unayoikumbuka ni ya majani ya makrut, ile ndimu yenye ganda la makunyanzi. Unararua majani manne matano, unatoa mshipa wa katikati, unayatupia mchuzini.

Kuhusu mafuta waachie wenye uzoefu, mimi natia mafuta ya kupikia tu na maisha yanaendelea.

Mpishi wa Melini

Ndugu Mwanameza, salamu kwako. Swali lako nimelipenda kwa sababu umeangalia mahali penyewe. Vile vidoa vya mafuta siyo pambo, ndivyo vinavyokwambia kwamba masala yameiva.

Mimi kazi yangu ni kupika melini. Katika meli moja mkuu wa jiko alikuwa mzee wa Kithai kutoka mkoa wa Chonburi, sote tulimwita Lung, yaani mjomba. Kinu chake cha jiwe kilitoka Ang Sila, mji wa pwani mkoani kwake unaosifika kwa wachonga vinu, na kilikuwa kizito kiasi kwamba bahari ikichafuka, vyungu vinahama lakini kinu hakihami. Kari nilijifunza pale, nikiwa nimesimama ubavuni kwake nakuna nazi.

Sasa tazama mpangilio wako. Unachemsha tui, halafu unayeyusha masala ndani yake. Hiyo ni supu ya tui yenye masala. Kari ya kijani inaanzia upande mwingine: masala yanakaangwa kwanza, na kinachoyakaanga ni mafuta ya nazi yenyewe. Kitunguu saumu, mchaichai, khulinjani (mzizi wa jamii ya tangawizi) na uduvi vikichemshwa tu vinabaki na ule ubichi unaokwaruza koo. Harufu ya viungo hivi hukaa zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo bila mafuta haifunguki, inabaki imelala kama ulivyosema.

Mafuta yanatoka kwenye kasimile, yaani tui zito. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyosambaa kwenye maji, na protini za nazi ndizo zinazoyashikilia yasikusanyike. Ukilipa moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, maji yanapungua, protini zinaachia, matone yanakutana na mafuta yanajitenga. Mpishi aliyezoea kukoroga taratibu ili tui lisikatike atashtuka, kwa sababu hapa unalitaka likatike. Wathai wana jina la hatua hii, taek man, nao wanaisubiri kabla ya kutia kitu kingine chochote.

Tatizo ni kopo lako. Viwanda vingi huongeza gamu au polisobeti ili tui likae laini dukani bila kujitenga, na zile boksi za karatasi mara nyingi tui lake limepitishwa kwenye mashine inayovunja matone ya mafuta yawe madogo sana. Tui la namna hiyo unaweza kulichemsha hadi likaungua na bado lisikupe kitu. Soma nyuma ya kopo. Ukikuta nazi na maji tu, hilo chukua. Liache mahali pa baridi usiku kucha, usilitikise, kesho yake lifungue uteke ile sehemu nzito ya juu kwa kijiko. Ndiyo kasimile yako. Maji ya chini ndiyo tui jepesi, usiyamwage.

Ukiwa na nazi ya kukuna, bora zaidi. Kamua mkamuo wa kwanza kwa maji ya vuguvugu kidogo mno, weka pembeni, kisha rudia chicha kwa maji mengi zaidi upate tui la pili.

Halafu fanya hivi. Chukua kama mililita 150 za kasimile, weka kwenye karai au sufuria pana, moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali. Mwanzoni utaona mapovu makubwa na utasikia sauti ya kuchemka. Koroga mara mojamoja. Baada ya dakika tano hadi nane mapovu yanakuwa madogo, tui linakuwa zito, linaanza kuonekana kama limeharibika, lina punjepunje, na pembeni mwa karai mafuta yanayong'aa yanatokeza. Sauti nayo inabadilika. Lung alikuwa na tabia ya kugeuza uso kando, anatazama dirishani, anasikiliza. Ile sauti nzito ya kuchemka ikigeuka kuwa ya kukaanga, kavu na ya harakaharaka, mkono wake tayari uko kwenye bakuli la masala.

Tia masala yote hapo. Punguza moto kidogo, koroga bila kuondoka. Yatanyonya mafuta, yatakuwa donge, usiogope. Yakianza kushika chini ongeza kijiko kimoja cha kasimile, endelea. Dakika ya kwanza utasikia vitunguu vibichi na mchaichai, kila kimoja kivyake. Baadaye harufu zinaungana, na ghafla pilipili inakupanda puani unapiga chafya. Ukipiga chafya umefika. Mafuta yatakuwa yamerudi juu, na safari hii ni ya kijani.

Sukari ya mnazi na sosi ya samaki vitie sasa, juu ya masala yanayokaangika, kabla ya mchuzi. Sukari inayeyuka na kukolea, na ule ukali wa harufu ya sosi unapungua kwa moto. Anza na kijiko kimoja cha kulia cha kila kimoja. Masala ya kununua mengi yana chumvi nyingi, kwa hiyo usitie sosi kwa mazoea, onja.

Kuku anafuata. Mgeuze ndani ya masala mpaka kila kipande kivae rangi, ndipo umimine tui jepesi lililobaki. Bilinganya, majani ya makrut, moto mdogo, usifunike. Kuku akiiva zima moto na utie rehani ile ya shina la zambarau, horapha, ya kujaza kiganja. Inalainika kwa moto wa mchuzi wenyewe. Iache kari itulie dakika chache, na mafuta yatapanda juu yenyewe.

Ikiwa kopo lako limekataa kabisa kukatika, kaka Pilipili Kichaa hakukosea: tia vijiko viwili vya mafuta mwanzoni, ya nazi ukipenda, ukaange masala humo. Ni njia halali. Ninachokuomba ni usiruke kukaanga.

Na onja pamoja na wali, tafadhali. Mchuzi unaokuridhisha ukiwa peke yake kijikoni utakuwa umepooza ukiumwagia wali. Kari ya Kithai hukolezwa kidogo kupita unavyodhani inatosha, kwa sababu wali ndio mlo na kari ni kitoweo chake.

Mwanameza

Mpishi wa Melini, asante sana. Nimekwenda kusoma kopo langu: lina gamu na polisobeti, vyote viwili. Nitatafuta lingine.

Naomba unifafanulie kutwanga. Na nina swali jingine kwa yeyote anayejua: mdogo wangu kamba wanamdhuru, anavimba midomo. Amekuwa akila vyakula vyangu vingine lakini kari hii hajaigusa, na ningependa siku moja aketi nasi ale kama sisi.

Rehani Mbichi

Dada au kaka Mwanameza, hapo kwa mdogo wako kuwa makini sana. Masala mengi ya kari ya Kithai ya kununua yana kapi ndani, na kapi ni uduvi uliochachushwa kwa chumvi na kusagwa. Kapi hiyo haitolewi wala haichujwi. Kwake yeye kutwanga mwenyewe siyo anasa, ndiyo njia ya kumlisha kwa amani.

Binti yangu ana hali hiyohiyo. Badala ya kapi mimi hutumia tao chiao, zile soya nzima zilizochachushwa zinazouzwa kwenye chupa. Nachuja maji yake, naponda kijiko kimoja cha chai pamoja na masala mengine. Inaleta ule uzito wa ladha unaokaa nyuma ya ulimi, ambao chumvi peke yake haiwezi kuuleta.

Sosi ya samaki kwa kawaida ni dagaa na chumvi vilivyoachwa mapipani mwaka mzima au zaidi, kamba hawamo, lakini soma kila chupa hata kama ni ya kampuni ileile uliyoizoea. Sosi ya chaza nimeiondoa jikoni kabisa, maana wapo wanaodhurika na kamba ambao chaza pia huwadhuru. Uliza daktari wa mdogo wako. Na lingine watu hulisahau: kinu. Jiwe lina vitundu, kapi inaingia humo na maji ya sabuni hayaitoi yote. Mimi nina vinu viwili na kimoja hakijawahi kuona uduvi.

Ukitaka kari ya kuanzia naye, jaribu masaman. Ndani yake kuna iliki, mdalasini, karafuu, karanga na viazi, kari ambayo wengi husema ilizaliwa kwa mkono wa Waislamu waliofika Siam, Thailand ya zamani, kwa biashara. Ni tamu, ina uchachu wa ukwaju, na viungo vyake vikavu vinajaza nafasi kiasi kwamba ukosefu wa kapi hauonekani. Binti yangu anaiomba kila siku yake ya kuzaliwa.

Mpishi wa Melini

Mama Rehani amesema vizuri kuliko ambavyo ningesema mimi, hasa hilo la kinu. Mwanameza, mfuate.

Kutwanga kuna faida, na faida yenyewe ni hii. Kisu cha blenda kinakata. Mchi unasaga na kupasua. Mchaichai uliokatwakatwa unabaki na nyuzi fupi zinazokwama kwenye meno. Uliotwangwa unaachia mafuta yake na nyuzi zinalegea. Halafu blenda haizunguki bila maji, na maji uliyotia humo lazima yakauke karaini kabla masala hayajaanza kukaangika. Ndiyo maana watu wengi hukoroga dakika kumi na bado harufu ni ya mbichi.

Kwa watu wanne, masala ya kijani nayafanya hivi. Nakaanga bila mafuta kijiko cha chai cha giligilani na nusu kijiko cha bizari nyembamba mpaka vinukie, natwanga na nusu kijiko cha pilipili manga nyeupe, naweka pembeni. Pilipili manga hiyo usiidharau, ni ukali wa zamani zaidi kule. Pilipili hizi nyingine asili yake ni bara la Amerika, zilifika Asia karne ya 16 na wafanyabiashara wa Kireno.

Kisha ndani ya kinu natia chumvi ya mawe kijiko cha chai na pilipili mbichi za kijani, ndogo kali kumi na tano hivi pamoja na chache kubwa za kutia rangi. Chumvi inakwaruza ngozi ya pilipili, kazi inakuwa nyepesi. Zikishapondeka naongeza khulinjani iliyokatwa vipande vyembamba, kijiko kimoja cha kulia. Tangawizi haishiki nafasi yake. Tangawizi ina utamu na joto, khulinjani ina harufu ya utomvu wa msonobari na uchungu kidogo, na kari ya kijani inautaka uchungu huo. Ukikosa mbichi tumia iliyogandishwa, ni nzuri. Ya unga iache.

Baada ya hapo mchaichai miche miwili. Vua maganda ya nje, tumia sehemu nyeupe ya chini tu, na uikate kwa kukingama, pete nyembamba kama karatasi, ndipo uitie kinuni. Ukiikata kwa urefu utatwanga mpaka jioni. Ganda la juu la makrut kijiko kimoja cha chai, lile la kijani tu bila nyeupe. Mizizi ya kotmiri miwili au mitatu, isafishe mchanga kwa kisu. Ukiuziwa kotmiri zilizokatwa mizizi, tumia sehemu ya chini ya mashina. Halafu vitunguu saumu punje tano sita, na vitunguu vidogo vyekundu vitatu vinne. Vyenye maji vinakuja mwisho kwa sababu vikitangulia kila kitu kinateleza na hakuna kinachosagika. Mwisho kabisa kapi kijiko cha chai, na vile viungo vikavu ulivyoweka pembeni.

Usiendelee na kiungo kinachofuata mpaka cha sasa kisionekane tena. Itakuchukua nusu saa, labda na zaidi. Mikono inachoka, funika kinu kwa kiganja pilipili zisikurukie machoni, kaa chini ukipenda. Lung alikuwa anaweka kinu sakafuni juu ya taulo iliyokunjwa, anaketi, anatwanga kwa mdundo mmoja usiopanda wala kushuka, na mabaharia waliokuwa zamu ya usiku walikuwa wakiusikia wanajua kesho ni kari.

Twanga mengi kwa mara moja. Yanayobaki yagandishe kwenye vifuko vidogo, kila kifuko cha kupikia mara moja.

Pilipili Kichaa

Mkuu nakuheshimu, ila mtu anarudi kazini usiku na watoto wana njaa. Nusu saa ya kinu haipo. Mimi nasaga kwenye blenda na nasema wazi kari yangu ni nzuri.

Mpishi wa Melini

Ndugu yangu, naamini ni nzuri. Siku kama hiyo nami ningetumia blenda, ila badala ya maji tia vijiko viwili vitatu vya mafuta au kasimile ili kisu kizunguke. Kata kila kitu kidogo kwanza, saga, halafu ukipata dakika tano pitisha kinuni tu. Utasikia tofauti.

Na usiku wa namna hiyo mimi sipiki kari hata kidogo, napika krapao. Unaponda pilipili na vitunguu saumu, unakaanga kwenye karai la moto mkali, unatia nyama iliyokatwakatwa, sosi ya chaza, sosi ya soya, ya samaki kidogo, chembe ya sukari, na rehani ya krapao yenyewe, ile yenye vinyweleo kwenye shina na harufu inayokaribia karafuu, unaitia mwishoni na kuepua. Yai la kukaanga kwenye mafuta mengi, kingo zikauke na kufanya kahawia, kiini kibaki kibichi. Ukipasua kile kiini juu ya wali wa moto na nyama yenye pilipili, hakuna atakayekuuliza kari iko wapi.

Nina neno kuhusu wali pia, kwa sababu watu hupigania mchuzi na kuusahau. Mchele wa jasmini, hom mali, uoshe mara mbili tatu, na maji usizidishe: kikombe kimoja cha mchele kwa kikombe kimoja na robo cha maji, au pungufu kidogo ikiwa mchele ni wa mavuno mapya. Ukiiva uache umefunikwa dakika kumi bila kuuchungulia. Ule mchele wa kunata wa Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, ni kitu kingine, hauchemshwi. Unalowekwa usiku kucha au angalau saa nne, kisha unapikwa kwa mvuke, ndani ya kikapu au hata kwenye chujio lililotandikwa kitambaa, dakika 20 hadi 25. Huo ule na saladi ya papai bichi na laab, ile saladi ya nyama iliyokatwakatwa, unafinyanga tonge dogo kwa vidole na kuchovya. Kari ya kijani huliwa na wali wa jasmini, kwa kijiko. Uma wa mkono wa kushoto unasukuma tu chakula kiingie kijikoni.

Karai la Chuma

Samahanini kuingilia, naona mpishi yupo. Tambi za pad thai zinanigandamana zinakuwa donge moja. Nachemsha kama paketi inavyosema.

Mpishi wa Melini

Karai la Chuma, usizichemshe. Tambi kavu za mchele, zile bapa za upana wa milimita tatu hadi tano, ziloweke kwenye maji ya kawaida nusu saa hadi saa moja, mpaka ziweze kujizungusha kidoleni bila kuvunjika lakini ukizitafuna bado ni ngumu. Zimwage maji kabisa. Zitamaliza kuivia karaini, kwa kunywa sosi yako ya ukwaju, sukari ya mnazi na sosi ya samaki, ambayo uwe umeichemsha pembeni mapema. Zikikauka kabla hazijalainika nyunyiza maji kidogo, kijiko kwa kijiko.

Na pika sahani moja, ukizidisha sana mbili, kwa wakati mmoja. Karai la nyumbani likijazwa linapoa, tambi zinatoa mvuke badala ya kukaangika, wanga unatoka na hapo ndipo donge linapoanzia. Wageni wakiwa wanne pika mara nne. Ukiwa umeweka kila kitu tayari kwenye vibakuli, tofu, mayai, uduvi mkavu, figili ya chumvi, machipukizi ya choroko na karanga, kila sahani inakutaka dakika tatu tu. Wa kwanza aanze kula bila kuwasubiri wengine, pad thai haipendi kungoja.

Mwanameza

Mama Rehani, Mpishi, Pilipili Kichaa, nawashukuru nyote. Nimepata kopo la nazi na maji tu, sasa liko mahali pa baridi. Tao chiao nimeiagiza, na kinu kipya kisicho na kapi nimekitenga kwa ajili ya mdogo wangu. Nitaanza na masaman yake, halafu kari ya kijani. Mama Rehani, ile masaman yako unatia ukwaju kiasi gani kwa kopo moja?

Rehani Mbichi

Vijiko viwili vya kulia vya maji mazito ya ukwaju, mwishoni, viazi vikishaiva. Ukiutia mapema viazi vinagoma kulainika. Onja, kisha ongeza kidogokidogo mpaka utamu na uchachu vilingane. Mwambie mdogo wako nimemsalimu.